Shajara ya mradi: Columbus hadi Niagara kwa gari, sisi wawili tu

Naiandika hii kwa ajili ya wenzetu wa huku Ohio ambao kila mwaka wanasema "mwaka huu tunavuka daraja", na mwaka unakatika. Mradi ni mdogo: mume na mke, kulala siku mbili, kwa gari, kutoka Columbus hadi upande wa Kanada wa maporomoko ya Niagara na kurudi. Watoto wanabaki na mama yao mdogo. Mimi ni Mtanzania mwenye grinikadi, yaani kadi ya ukaazi wa kudumu wa Marekani. Baba Watoto ni mzaliwa wa Mombasa na ameapishwa uraia wa Marekani majuzi tu. Tofauti hiyo ya makaratasi ndiyo iliyoendesha kila kitu, kwa hiyo nimeipa nafasi kubwa. Habari za vivutio utazipata kokote.

8 Juni 2024: Tumekubaliana

Tarehe: Ijumaa 9 hadi Jumapili 11 Agosti. Wiki ya kabla yake tumeiruka kwa makusudi, maana Jumatatu ya kwanza ya Agosti ni sikukuu Ontario, jimbo la Kanada tunalokwenda, na wikiendi ya sikukuu foleni ya madarajani haina mwisho.

Bajeti: dola 700 za Marekani, gharama za pasipoti hazimo. Njia: I-71 kupanda Cleveland, kisha I-90 kupita Erie, Pennsylvania, hadi Buffalo. Jumla kama maili 330. Baba Watoto ni dereva wa lori, kwake huo si mwendo wa kujadili.

Chumba nimeshalipia, bei ya chini kabisa, ile isiyorudishwa pesa.

15 Juni: Nyaraka

Hapa ndipo palipo na kazi yote.

Tangu 26 Aprili 2022, mwenye grinikadi anaingia Kanada bila viza na bila kile kibali cha kielektroniki wanachoombwa wasafiri wa ndege. Lakini sharti aonyeshe vitu viwili: grinikadi iliyo hai, na pasipoti ya nchi yake iliyo hai. Mitaani kwetu bado watu wanaapa kwamba grinikadi peke yake inatosha, kwa sababu shemeji wa mtu fulani alipita hivyo zamani. Zamani ndiyo, siku hizi hapana. Grinikadi ndiyo itakayokurudisha Marekani, pasipoti inatakiwa na Kanada.

Nimeitoa yangu sandukuni. Imekufa tangu Februari.

Kwa Baba Watoto hadithi ni nyingine. Raia wa Marekani anahitaji karatasi inayothibitisha uraia, na leseni ya Ohio haithibitishi, hata hii mpya yenye nyota. Zipo leseni maalumu zinazokubalika mpakani, ila zinatolewa New York, Michigan, Minnesota, Vermont na Washington. Ohio haimo. Kwa hiyo ni pasipoti, na ziko za aina mbili: kadi kwa dola 30, au kitabu kwa dola 130. Anayeomba mara ya kwanza anaongeza dola 35 za kupokelewa fomu. Kadi inatosha kabisa kwa kuvuka kwa gari au boti, nami nikashikilia kadi.

"Sawa Mama, tukipata dharura tukatakiwa kurudi kwa ndege, hiyo kadi nitaifanyia nini?"

Sikuwa na jibu. Kadi haipandishi ndege ya kimataifa. Tumelipia kitabu.

Posta walimrudisha mara moja kwa ajili ya picha: alipiga na miwani, na miwani haikubaliki. Dola 17 za picha mpya. Jambo lingine la kujua kabla hujafika dirishani: cheti cha uraia kinachotumwa pamoja na fomu ni kile chenyewe, halisi, si nakala kivuli pekee. Kinarudi baadaye kwa posta, bahasha tofauti na pasipoti. Mtu aliyesubiri cheti hicho miaka hulala vibaya wiki hizo, kwa hiyo pigeni picha kila ukurasa kabla ya kukiachia.

Kwa wenye hali nyingine: aliyeko Marekani kwa viza ya masomo au ya kazi, akiwa na pasipoti ya Tanzania au Kenya, anahitaji viza ya Kanada. Ada ni dola 100 za Kanada, na 85 za alama za vidole. Majirani zetu Wakongo waliokuja kama wakimbizi, ambao sasa wana grinikadi lakini hawana pasipoti ya nyumbani: kanuni inasema pasipoti "au hati ya kusafiria inayokubalika badala yake". Thibitisheni hati yenu kwanza, ndipo mlipie hoteli.

1 Julai: Washington D.C. na kurudi

Fomu ya pasipoti ya Tanzania nimeijaza mtandaoni, lakini vidole haviwezi kutumwa kwa barua pepe. Nimeendesha hadi ubalozini, nikalala kwa shangazi Maryland, nikarudi kesho yake na mgongo umekakamaa. Ada, mafuta na kula njiani: dola 190.

Huko nimekutana na swali ambalo sikuliwazia. Pasipoti yangu ina jina la baba na babu. Grinikadi ina jina la mume. Kubadili jina la pasipoti kungedai nyaraka zaidi na muda zaidi, kwa hiyo nimebaki na majina ya nyumbani, na cheti cha ndoa kimeingia kwenye bahasha ya safari. Dada wote mlioolewa mkabadilishiwa majina huku Marekani, angalieni kadi zenu na pasipoti zenu leo hii, bila kungoja safari.

20 Julai: Agosti imekufa

Kitabu cha Baba Watoto kimefika. Changu bado, na hata kikifika wiki mbili zijazo sina uhakika nacho. Tumeahirisha.

Chumba cha Agosti kimekwenda na maji: dola 120 za Kanada, sawa na 88 za Marekani. Nilipiga simu kuomba wanisogezee tarehe, mhudumu akanisomea masharti yangu mwenyewe kwa sauti ya upole sana. Kuanzia sasa ni vyumba vya kufutika tu, hata kama vinazidi dola 15 kwa usiku.

Tarehe mpya: Ijumaa 4 hadi Jumapili 6 Oktoba. Kwa nini hiyo? Jumatatu ya pili ya Oktoba Wakanada wana sikukuu yao ya Shukrani, na siku hiyohiyo Marekani ni Siku ya Columbus. Nchi mbili zinapumzika kwa pamoja. Wiki moja kabla yake unapata hali ya hewa ileile, majani yameanza kugeuka rangi, na bei za vyumba hazijapaa.

10 Agosti: Gari la kukodi au letu

Letu ni Corolla ya 2013, na Baba Watoto alitaka tukodi ili tutambe kidogo. Nimepiga simu kampuni ya kukodisha, kijana akanijibu bila kusita: "Kanada? Hakuna shida." Nikaomba anitumie mkataba. Kwenye bei ile ya ofa, kifungu cha chini kabisa, gari linaruhusiwa Ohio na majimbo jirani tu. Jirani wa Ohio ni kina Michigan na Pennsylvania, si Ontario. Tumefuta bila gharama. Ukikodi, neno la simu halikusaidii kitu mbele ya ajali. Sharti Kanada iandikwe kwenye mkataba wenyewe, na uubebe.

Corolla basi. Oili, breki za mbele na tairi moja: dola 140.

Bima ilichukua simu mbili. Wa kwanza akasema bima yetu inafika Kanada na hatuhitaji kitu. Ni kweli, inafika, lakini kuna kadi maalumu ya Kanada ambayo kampuni za bima za Marekani huwatolea wateja wao bure, wengi wanaiita kadi ya njano. Kazi yake ni kumthibitishia polisi wa kule kwamba bima yako itatimiza kiwango cha chini cha jimbo, ambacho Ontario ni dola 200,000 za Kanada za madai ya wengine. Wa pili aliijua kadi hiyo mara nilipoitaja, akaituma siku hiyohiyo. Ichape. Simu ikizima, kadi iliyomo ndani yake imezima nayo.

31 Agosti: Pasipoti, halafu hoteli

Pasipoti yangu imefika. Mradi umefufuka.

Hoteli imenifundisha hesabu. Bei iliyotangazwa: dola 139 za Kanada kwa usiku, siku mbili 278. Kisha ikaja "ada ya utalii" ya asilimia 7. Kisha kodi ya mauzo ya Ontario, asilimia 13, nayo inatozwa juu ya chumba na juu ya hiyo ada. Kisha maegesho, 25 kwa usiku, nayo yana kodi. Kutoka 278 tumefika 392.63.

Hiyo ada ya utalii si kodi ya serikali. Biashara nyingi za Niagara Falls huibandika zenyewe, hata mikahawani, na ukiuliza wakati mwingine wanaitoa. Hoteli niliuliza, wakakataa. Nimechukua hivyohivyo kwa sababu ni umbali wa kutembea hadi majini, na kuegesha gari karibu na maporomoko kungetugharimu kila siku kuliko tofauti ya chumba.

Afadhali, dola ya Kanada ni ndogo kuliko ya Marekani. Mimi nahesabu kwa kugawanya kwa 1.35.

14 Septemba: Ratiba, na Toronto kukatwa

Ratiba ya kwanza ilikuwa na kila kitu: maporomoko, Toronto, mnara wa CN, soko la St. Lawrence, kula kwa binamu wa Baba Watoto mjini Brampton, maporomoko madogo ya Hamilton. Nimeiandika kwenye karatasi, nikaweka saa za kuendesha pembeni. Siku ya Jumamosi peke yake ilikuwa na saa 5 ndani ya gari. Huyu mtu anaendesha lori siku 5 kwa wiki. Sitampeleka likizo akaendeshe.

Toronto imekatwa. Kwa wenye moyo nayo: egesheni gari kituo cha treni cha Burlington, maegesho ni bure, mpande treni ya GO hadi kituo cha Union katikati ya jiji. Wikiendi kuna tiketi ya siku nzima kwa dola 10 za Kanada. Hiyo ni akili kuliko kuingia Toronto na gari.

Brampton haikukatika kirahisi. "Haiwezekani mfike Kanada msile kwangu," binamu amesema, na kwetu neno hilo halipingwi. Nimeipima njia kwenye ramani ya simu, ikatupeleka barabara ya 407. Hiyo ni barabara ya kulipia isiyo na kibanda: kamera inasoma namba za gari na bili inakufuata nyumbani, pamoja na ada ya kamera. Nikawasha kitufe cha kuepuka barabara za kulipia. Sasa ramani ikaikimbia na I-90 ya New York, ikatupitisha Route 20 katikati ya mashamba ya zabibu, na saa zikaongezeka. Dawa: upande wa Marekani kitufe kizimwe, ukishavuka daraja kiwashwe.

Mwishowe binamu amekubali tukutane nusu njia, Hamilton. Tulitaka Webster Falls, lakini msimu huu huingii bila kuweka nafasi mtandaoni, na Jumamosi yetu imejaa. Tutakaa Bayfront Park, ambako hakuna wa kukuuliza tiketi. Yeye analeta pilau.

Madaraja. Eneo lile yapo manne, na moja, Whirlpool, ni la wenye kadi za NEXUS tu, za wasafiri waliochunguzwa mapema. Yaliyobaki ni Peace Bridge kutoka Buffalo, Rainbow pale pale kwenye maporomoko, na Lewiston-Queenston kaskazini yake. Nimegundua jambo lililonifurahisha kuliko inavyostahili: Peace Bridge wanatoza unapoingia Kanada, Rainbow na Lewiston wanatoza unapotoka. Ingia kwa Rainbow, toka kwa Peace Bridge, hulipi daraja la mpakani hata moja. Njiani kuelekea Rainbow kuna tozo ya Grand Island, dola moja na ushee, basi. Zaidi ya hapo, Rainbow haipokei malori, na kuna mtu humu ndani ambaye hataki kuona lori.

Na saa ya kuangalia maji. Marekani na Kanada zilitia saini mkataba mwaka 1950 wa kugawana mto kwa ajili ya umeme. Saa za watalii lazima maji yasiyopungua mita za ujazo 2,832 kwa sekunde yaachwe yapite juu ya maporomoko. Nje ya saa hizo nusu yake yatosha, mengine yanakwenda kwenye mitambo. Kuanzia 16 Septemba hadi 31 Oktoba saa hizo ni saa 2 asubuhi hadi saa 2 usiku. Maana yake, Oktoba ukila chakula cha jioni kwanza ndipo uende kutazama taa zinazomulika maporomoko usiku, unatazama taa juu ya maji yaliyopunguzwa. Tutakwenda jua likizama, chakula baadaye.

28 Septemba: Kupekua gari

Tumetoa kila kitu. Chini ya kiti, visu viwili vya kukatia maboksi vya kazini kwake. Kwenye droo ya mbele, kichupa cha pilipili cha kujikinga, changu, ninachobeba nikitoka zamu ya usiku. Ohio ni kitu cha kawaida, kinauzwa madukani karibu na bigijii. Kanada kichupa cha kumpulizia binadamu kinahesabiwa silaha iliyopigwa marufuku. Tungefika nacho dirishani tukasema "hatuna silaha" kwa moyo mweupe kabisa. Kimebaki nyumbani, na cha pili kimepatikana kwenye mkoba wa ufunguo wa akiba.

Bangi hata sitaieleza sana: Kanada ni halali tangu Oktoba 2018, lakini kuivusha mpaka ni kosa kwenda na kurudi.

Chakula. Nilipanga sambusa za kuku. Kwa sababu ya mafua ya ndege, Kanada haipokei kutoka Marekani chakula cha kupika nyumbani chenye kuku ndani. Sambusa zitaliwa zote kabla ya daraja. Kachori za viazi na kashata zinavuka.

Simu: bando langu linafanya kazi Kanada bila nyongeza, la mwenzangu halifanyi. Ramani ya Ontario kusini imepakuliwa kwenye zote mbili.

Bahasha: pasipoti mbili, grinikadi, cheti cha ndoa, usajili wa gari, kadi ya njano, karatasi ya hoteli. Wenye kusafiri na mtoto bila mzazi mwenziwe waongeze barua ya ridhaa ya huyo mzazi.

4 Oktoba: Kuvuka

Tumetoka saa 11 alfajiri. Sambusa zimekwisha Erie, karibu na ziwa. Mafuta tumejaza Irving, New York, kwenye ardhi ya taifa la Seneca, wenyeji asilia wa Marekani, ambako bei iko chini ya vituo vya barabara kuu. Msidharau hili. Ontario nimeona lita kwa dola 1.45 za Kanada, zidisha kwa 3.785 upate galoni, gawanya kwa 1.35, ni dola 4 na senti 7 za Marekani.

Rainbow tumefika saa 6 mchana, magari hayakuwa mengi mbele yetu. Afisa wa Kanada ameuliza: mnatoka wapi, mnakwenda wapi, kwa muda gani, mmebeba pombe, tumbaku, silaha, bangi? Baba Watoto amejibu kama alivyozoea kwenye mizani ya malori, neno moja moja. Kisha afisa akashika pasipoti yangu na grinikadi, akazitazama kwa zamu.

"Kwa nini majina si sawa?"

Cheti cha ndoa kilishatoka kwenye bahasha kabla hajamaliza sentensi. Amekisoma, akakirudisha, karibuni Kanada. Dakika mbili, labda tatu.

Saa 12 jioni tulikuwa ukingoni mwa yale makubwa, ya umbo la kwato, ambayo urefu wake ni kama mita 57. Manyunyu yanakulowesha ukiwa barabarani. Boti ya watalii tumeiacha, nimelowa bure.

5 Oktoba: Meli inayopanda mlima

Hiki ndicho kipande ambacho ningekirudia kesho. Kabla ya Marekani, Baba Watoto alikuwa akifunga kamba za meli kwenye gati za Kilindini. Nilipokuwa napanga nikakumbuka: meli haziwezi kupanda Niagara, sasa zinapitaje kutoka ziwa Ontario kwenda ziwa Erie? Zinapita mfereji wa Welland, mwendo wa gari mfupi kutoka hotelini. Tofauti ya maziwa hayo mawili ni karibu mita 100, na mfereji unaimaliza kwa vyumba 8 vya zege vyenye milango, kimoja baada ya kingine. Mfereji uliopo sasa ulikamilika 1932. St. Catharines, kwenye chumba cha 3, kuna jukwaa la kutazamia, bure, na ratiba ya meli zinazotarajiwa.

Ratiba ilisema saa 4 asubuhi. Meli haikutokea. Saa 4 na nusu, hamna. Tukala kachori. Ukija na watoto jueni kwamba saa za meli ni makadirio, leteni kitu cha kuwashughulisha.

Ilipotokea haikuwa na sauti. Meli ndefu ya nafaka, ya zile zilizojengwa kwa vipimo vya mfereji huu, ambazo zaidi ya mita 225.5 kwa urefu haziruhusiwi. Imeingia kwenye chumba kile kama upanga kwenye ala, ukuta huku na ukuta kule, nafasi ya kupitisha mkono. Milango ikafungwa nyuma yake. Hakuna pampu, maji yanashuka yenyewe kutoka juu ya mfereji. Mwanzoni tulikuwa tunaitazama sitaha kutoka juu. Baada ya dakika kama 10 sitaha ilikuwa inatutazama sisi, na baharia mmoja aliyesimama pembeni na kikombe chake akatusalimia kwa kichwa, uso kwa uso, kama jirani kwenye ngazi.

"Na kamba hawajafunga," Baba Watoto amesema. Alikuwa ameinama juu ya ukuta akitafuta watu wa gati. Siku hizi meli nyingi hapa zinashikwa na vibao vya kunyonya vilivyomo ukutani, kamba hazitupwi tena. Amekaa kimya kidogo, akauliza ya pili inakuja saa ngapi. Tumesubiri ya pili.

Hamilton tumechelewa saa nzima. Barabara kuu ya QEW kati ya St. Catharines na Hamilton inaruhusu kilomita 110 kwa saa, kama maili 68. Kipima mwendo cha Corolla kina kilomita kwa tarakimu ndogo sana za ndani, hivyo niliandika jedwali kwenye karatasi nikalibandika: 50 ni 31, 80 ni 50, 100 ni 62. Pilau ilikuwa ya moto bado, binamu ameileta imefungwa kwenye blanketi.

6 Oktoba: Kurudi

Tumefuata barabara ya pembeni ya mto hadi Fort Erie. Peace Bridge hatujalipa, kama nilivyosema. Afisa wa Marekani ametaka grinikadi yangu na pasipoti ya mwenzangu, akauliza tumenunua nini. Sharubati ya mti wa mepo (maple) na fulana za watoto. Kwa kuwa tumepitisha saa 48 nje ya Marekani, kila mmoja wetu anaruhusiwa bidhaa za dola 800 bila ushuru. Chini ya saa 48 ni 200. Binamu alitufungia machungwa ya njiani, hatujui yamelimwa nchi gani, kwa hiyo tumeyamaliza kabla ya daraja. Vidole vinanukia hadi Erie.

19 Oktoba: Hesabu, baada ya bili zote kufika

Kwa dola za Marekani.

Safari yenyewe: hoteli 291, mafuta 92, tozo za barabara kwa E-ZPass (kifaa cha garini cha kulipia tozo) 11, chakula 148, zawadi 40. Jumla 582. Bajeti ilikuwa 700, tumebaki na 118.

Maandalizi: pasipoti ya Baba Watoto na picha 182, yangu pamoja na kwenda Washington 190, chumba cha Agosti kilichopotea 88, gari 140. Jumla 600.

Kwa hiyo kukaa tayari kwa safari kumetugharimu kuliko safari. Pasipoti zitatumika tena na tairi bado linazunguka, lakini mwenye kupanga aanze kuweka akiba ya makaratasi kwanza, na asiguse hoteli mpaka vitabu vyote viwe mezani.

Kuna kitu kidogo kimejitokeza kwenye taarifa ya benki. Mashine za kadi za Kanada zikitambua kadi ya kigeni nyingine hukuuliza: ulipe kwa dola za Marekani au za Kanada? Chagua za Kanada daima. Mgahawani, bili ya 23.40 za Kanada, mwenzangu alibonyeza za Marekani, wakamkata 18.20. Kwa kadi yangu isiyo na ada ya fedha za kigeni ingekuwa 17.33. Na mgahawa huohuo ada ya utalii waliitoa nilipouliza, kwa tabasamu. Binamu ametuma ujumbe: mwakani pilau inaliwa Brampton, na njia ya kuepuka 407 ameshaichora.